Nani Kamaliza Hewa ya Ghuba? Maji ya Kijani, Gugumaji na Vifo vya Samaki Ziwa Victoria

Kila baada ya muda picha ileile hurudi kwenye simu zetu: sato wamelala ubavu, matumbo meupe juu, wametapakaa kandokando ya vizimba, na maji yenyewe yana rangi ya mchicha uliosagwa. Kabla ya adhuhuri hukumu imeshatoka. Huyu anasema kiwanda kimefungulia uchafu usiku, yule anasema jirani mwenye kijicho kamwaga sumu, wa tatu anaapa kwamba gugumaji ndilo lililoua. Novemba 2022 mabishano hayo yalipamba moto upande wa Kisumu baada ya wafugaji wa vizimba kupoteza samaki kwa wingi. Mapema 2021 ilikuwa zamu ya Uganda, sangara wakubwa walipokutwa wakielea. Mara zote mbili wataalamu walirudi na jibu lilelile, ambalo wengi walilipokea kwa kuguna: oksijeni ilikwisha majini.

Waliguna kwa haki yao. Ziwa la kilomita za mraba 68,800 litaishiwaje hewa? Na kama ni hewa, mbona kambare wa palepale wako hai wakati sato wameisha? Maswali hayo mawili yana majibu, na jibu la swali la pili ndilo linalosaidia zaidi anayesimama ufukweni asubuhi akitafuta wa kumlaumu.

Oksijeni ipi?

Kosa la kwanza ni dogo lakini linazaa mengine. Mtu husoma kwamba maji yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni, akajiuliza samaki atakosaje kitu anachoogelea ndani yake. Oksijeni hiyo imeshafungwa kuwa maji. Ni sawa na mkate uliokwisha okwa; huwezi kuudai unga wake. Anachovuta samaki kwa matamvua yake (mashavu, kwa lugha ya mwaloni) ni hewa nyingine kabisa, iliyoyeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai.

Hewa hiyo ni kidogo mno. Fungua soda ya baridi na soda iliyoachwa juani: ya moto hufura na kumwaga gesi yake yote. Maji ya ziwa nayo yakipata joto hushika hewa kidogo. Tena Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa nyuzi joto 25, maji ya pale yakishiba hubeba miligramu 7 na ushee za oksijeni kwa lita. Lita moja ya hewa unayovuta wewe ukisimama ufukweni ina miligramu 240 hivi. Samaki anaishi kwa chini ya sehemu moja ya thelathini ya ulicho nacho wewe, kwa hiyo upungufu ambao kwetu ungekuwa kukosa raha tu, kwake ni msiba.

Sato hula vizuri oksijeni ikiwa miligramu 5 na kuendelea. Ikishuka chini ya 3 hupoteza hamu ya chakula. Ikifika 2 hupanda juu na kutwanga midomo usoni mwa maji, akitafuta ule utando mwembamba unaogusana na hewa. Chini ya 1 ni suala la saa chache. Sangara huanza kuhangaika mapema zaidi kuliko sato, ndiyo maana yeye akifa huwa dalili ya mwanzo kwenye maji ya wazi.

Hewa huingia ziwani kwa njia mbili: upepo na mawimbi vinavyokoroga uso wa maji, na mwani unaotengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Mwani ninaousema hapa si ule wa kamba unaolimwa Zanzibar. Ni viumbe vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, lakini vikiwa mamilioni hufanya maji yawe ya kijani. Katika ghuba zetu wengi wao ni sainobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa jua kama mimea.

Kwa nini ni ghubani, si katikati ya ziwa

Ziwa zima lina kina cha wastani wa mita 40. Ghuba la Winam, ambalo Kisumu imekaa pembeni yake, lina wastani wa mita 6 hivi, na karibu na mji kuna sehemu nyingi ambazo mti wa kusukumia mtumbwi unagusa tope. Maji yake hubadilishana na ya ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Mlango mwingine mdogo, ule wa Mbita, ulizibwa kwa tuta miaka ya 1980 na kuja kufunguliwa kwa daraja 2017. Ghuba ya Mwanza nayo ni ndefu na nyembamba, imeingia nchi kavu kilomita 60 hivi. Kwa hiyo tunaposema “ziwa”, tukumbuke kwamba ufukwe wa mji mara nyingi uko kwenye chumba cha uani chenye mlango mmoja, si sebuleni.

Na chumba hicho ndicho kinachopokea kila kitu. Mto Nyando hushusha udongo mwekundu kutoka milimani hadi maji ya mdomoni mwake yafanane na chai ya maziwa. Mifereji ya miji huleta kinyesi na sabuni. Rutuba nyingine hudondoka kutoka angani: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hutua ziwani na mvua, na kwa ziwa zima sehemu hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayelengwa katika yote haya ni fosforasi, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye mbolea ya kupandia. Shambani fosforasi huotesha mahindi. Majini huotesha mwani. Sainobakteria wana hila ya ziada. Naitrojeni ikipungua, baadhi yao huichukua moja kwa moja kutoka hewani, kama mizizi ya maharage inavyofanya kwa msaada wa bakteria wake. Tena wana vifuko vya gesi vinavyowawezesha kupanda juu kufuata mwanga na kuwaacha wenzao gizani. Ndiyo maana asubuhi tulivu unaona rangi nzito imetanda usoni kama imepakwa kwa brashi.

Kiasi cha mabadiliko kinapimwa kwa kifaa cha bei ya sufuria. Ni sahani ya duara, kipenyo sentimita 20, iliyopakwa nyeupe na nyeusi robo kwa robo, imefungwa kwenye kamba yenye alama kila sentimita 10 na uzito chini yake. Unaishusha upande wa kivuli wa mtumbwi, mchana, bila miwani ya jua, mpaka ipotee machoni; unaivuta polepole mpaka ionekane; wastani wa vina hivyo viwili ndio uangavu wa maji. Miaka ya 1920 sahani kama hii ilionekana hadi mita 7 au 8 katika maji ya wazi ya ziwa hili. Leo ndani ya ghuba hupotea kabla ya mita moja. Ukifanya kipimo hiki kila Jumatatu mahali pamoja na kuandika daftarini, baada ya mwaka utaijua ghuba yako kuliko wengi wanaoizungumzia.

Mchana analipa, usiku anakopa

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kama mwani unatengeneza oksijeni, mwani mwingi si neema?

Mchana, ndiyo. Saa tisa alasiri kwenye ghuba ya kijani kipimo kinaweza kupita miligramu 10, zaidi ya kiasi ambacho maji yangeshika kwa kuguswa na hewa tu. Lakini mwani nao unapumua, usiku na mchana. Jua likizama kiwanda kinafungwa na walaji wote wanabaki mezani: mwani, samaki, konokono, na bakteria wa tope ambao ndio walafi wakubwa. Usiku kucha wanakula akiba. Sehemu ileile iliyokuwa na 10 alasiri inaweza kubaki na 2 saa kumi na moja alfajiri. Kisha jua linachomoza, na saa nne asubuhi maji yamekwisha panda tena hadi 5 au 6.

Angalia matokeo yake. Samaki wamekufa saa kumi na moja, taarifa imepigwa saa mbili, afisa mwenye kipimo amefika saa tano. Anakuta oksijeni ya kutosha. Basi watu wanasema: si mmeona, hewa ipo, hii ni sumu! Kipimo hakikudanganya, kimechelewa tu. Ugomvi mwingi wa ufukweni unazaliwa na pengo hilo la saa sita.

Yakiongezwa mawingu mazito ya siku mbili tatu mfululizo, kiwanda hakifunguliwi vizuri hata mchana, na kila usiku akiba inaanzia chini zaidi. Mbaya kuliko yote ni mwani wenyewe kufa kwa mkupuo. Maji hugeuka kutoka kijani kibichi kuwa kahawia au kijivu ndani ya siku moja au mbili, na mtu asiyejua hufurahi kwamba uchafu umeondoka. Uchafu umezama, unaoza, na kuoza kunakula hewa.

Maji ya chini yanapopanda

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo inayoshtua kwa sababu huja kwa saa chache. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya supu. Tofauti yenyewe ni nyuzi moja au mbili tu, kiasi cha kumfanya mzamiaji ahisi ubaridi miguuni. Wageni kutoka nchi za baridi hudhani hiyo haitoshi kutenganisha maji. Inatosha: kwa joto la huku, nyuzi moja kati ya 25 na 26 hutofautisha uzito wa maji mara kumi hivi kuliko nyuzi moja kati ya 5 na 6.

Kwenye ziwa la wazi tabaka hizo hujijenga kuanzia Septemba au Oktoba na kudumu hadi Aprili au Mei. Kisha upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti huzikoroga. Katika miezi ya kutengana, tabaka la chini halioni hewa wala jua. Kila kinachozama kinaozea huko, na oksijeni yake huisha.

Sasa puliza kikombe cha chai ya maziwa iliyofanya utando. Utando hukimbilia ukingo wa mbali, na karibu na mdomo wako chai ya chini hujitokeza. Upepo mkali wa siku nzima hulifanyia ziwa vivyo hivyo: maji ya juu hurundikana upande uendako, na upande ulikotoka maji ya chini, yasiyo na hewa, hupanda hadi kwenye vina vya vizimba na nyavu. Dalili zake ni maji kuwa baridi ghafla, rangi kuingia weusi au ukijivu, na harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfa kutoka topeni, nayo ina sumu yake. Kwa hiyo aliyesema “sumu” hakukosea kabisa, amekosea mmwagaji. Kwenye ghuba fupi za kina kidogo, dhoruba moja ya usiku inayotibua tope inatosha kufanya kazi hiyohiyo bila kusubiri tabaka za miezi.

Hesabu ya kizimba kimoja

Chukua kizimba cha mita 6 kwa 6 chenye wavu wa kina cha mita 3. Ndani yake mna mita za ujazo 108 za maji. Maji yakiwa na miligramu 7 kwa lita, oksijeni yote iliyomo ni gramu 756, pungufu ya kilo moja. Weka sato 8,000 wa gramu 300 kila mmoja: kilo 2,400 za samaki. Kilo moja ya sato kwenye joto hili hutumia takriban miligramu 200 za oksijeni kwa saa, na akishiba hutumia zaidi. Kizimba kizima basi kinakula gramu 480 kwa saa. Kama maji yangesimama kabisa, kutoka 7 hadi ile 2 ya hatari ni mwendo wa saa moja na dakika chache. Kama usiku umeshayashusha hadi 4, zimebaki dakika 27.

Maana yake ni kwamba kizimba hakiishi kwa maji yaliyomo. Kinaishi kwa maji yanayopita. Ghuba ikitulia kama kioo, au matundu ya wavu yakiziba kwa utelezi na mwani, umefunga madirisha ya chumba chenye watu 8,000. Wavu wenye matundu madogo huziba upesi zaidi, na wafugaji wanaoacha wavu wa vifaranga mpaka samaki wafike gramu 200 wanajitafutia maafa kwa mikono yao.

Kutokana na hesabu hiyo mambo mengi hujieleza yenyewe. Mahali pa kizimba pawe na kina kisichopungua mara mbili ya kina cha wavu, ili mkondo upite chini na mavi yasirundikane karibu. Vizimba vipangwe kukingama mkondo, si kufuatana nyuma ya kila kimoja, maana cha mwisho kwenye foleni hupokea maji yaliyokwisha pumuliwa na wenzake. Chakula kisitolewe alfajiri; subiri saa mbili hivi baada ya jua kuchomoza. Sato wakikataa chakula, usiwabembeleze. Kumlisha samaki anayekosa hewa ni kumwongezea kazi ya kumeng'enya ambayo yenyewe inadai oksijeni, na pelleti zinazobaki huenda kulisha tope. Siku ya hatari chakula kisimame kabisa, kizimba kivutwe polepole kwenda maji ya kina kama nanga zinaruhusu, na samaki waliofikia ukubwa wa kuuza wavuliwe wangali hai. Kumwaga chokaa au dawa ziwani ni kupoteza fedha.

Anayenunua kipima oksijeni asisahau kukirekebisha kwa mwinuko wa ziwa. Kikiachwa kwenye usawa wa bahari kitamwonyesha namba zinazozidi ukweli kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Vipima vya utando hula oksijeni kidogo kinapogusa, kwa hiyo kichwa chake kichezeshwe taratibu majini, la sivyo namba itashuka yenyewe. Pima nusu mita, katikati ya wavu, na chini ya wavu, saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri. Tofauti ya namba hizo mbili ni habari kubwa kuliko namba yoyote peke yake.

Sumu au pumzi? Waulize waliobaki hai

Turudi kwa kambare. Kambare na kamongo wana namna ya kupumua hewa ya juu moja kwa moja. Hewa ya maji ikiisha wao hupanda, hubugia, hushuka. Sumu kali haina ubaguzi huo: humpata kambare, humpata konokono, humpata chura. Kwa hiyo ukikuta sato na sangara wameisha lakini kambare wanazunguka na uduvi wa pembeni wanaruka, elekeza shaka yako kwenye hewa. Ukikuta kila kiumbe kimelala, pamoja na wadudu wa majini, na vifo vikiendelea mchana jua likiwaka, hapo neno sumu lina uzito.

Ukubwa nao husema. Oksijeni ikipungua, samaki wakubwa hutangulia kufa kwa sababu mahitaji yao kwa jumla ni makubwa. Sumu nyingi huanza na wadogo. Saa ya kifo husema pia: hewa huua alfajiri. Na sato aliyekosa hewa mara nyingi hukutwa kinywa wazi, matamvua yamekunjuka.

Kama shaka bado iko kwenye sumu, sampuli ichukuliwe saa hiyohiyo, isingoje kesho. Chupa safi ya kioo ijazwe chini ya uso wa maji mpaka pasibaki hewa, ifungwe, iwekwe gizani kwenye barafu. Chukua samaki anayekata roho, si aliyevimba tangu jana, kwa maana mzoga uliooza hausemi kitu maabara. Andika saa, mahali, rangi ya maji, upepo na aina za samaki walio hai.

Haya yote hayamtakasi mwenye mfereji wa maji machafu. Kinyesi na mabaki ya viwandani mara nyingi huua kwa njia hiihii ya hewa: bakteria wanayashangilia, wanazaana, wanamaliza oksijeni. Anayetafuta tone la sumu kwenye maji na kulikosa hujikuta amemwachia huru mtu ambaye pengine alileta chakula cha bakteria kwa malori.

Gugumaji: mgonjwa hakuletwa na nzi

Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likaonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufika 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, bandari zikafungwa na mitumbwi ikakwama. Likipata rutuba na joto hujizidisha maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Fukusi wa aina mbili wa jamii ya *Neochetina*, walioachiliwa kuanzia 1995, walilitafuna, dhoruba za El Niño za 1997 na 1998 zikalivunjavunja, likapungua. Halikuisha. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi, na kila mvua kubwa ikileta rutuba huota upya. Mwanza nako, Kigongo na Busisi, mwanzoni mwa 2025 lilizuka gugu la jamii nyingine, salvinia, likavihangaisha vivuko.

Je, linaua samaki? Chini ya zulia lake, ndiyo, panakuwa pabaya: mwanga haupiti, mawimbi hayakorogi, oksijeni hukaribia sifuri, na kizimba kikifunikwa usiku mmoja kinaweza kuisha. Lakini pembezoni mwa zulia hilohilo vifaranga hujificha na kambare na kamongo hunenepa. Gugumaji halikuharibu maji ndipo yakawa na rutuba. Rutuba ndiyo iliyolialika.

Kulitoa kwa mikono kunasaidia mwaloni na mdomo wa bomba, ila ujue unabeba nini. Asilimia 90 hadi 95 ya uzito wake ni maji. Lori la tani 7 limebeba kilo 350 hadi 700 za kitu kikavu. Nyingine zote ni ziwa linalosafirishwa barabarani. Likiachwa lirundikane mchangani hatua tano kutoka majini, mvua ya kwanza hulirudishia ziwa rutuba yake. Likiuliwa kwa dawa kwenye maji, huzama kwa pamoja na kuoza, na tunarudi kwenye hewa.

Konokono wanaobeba kichocho hupenda mizizi yake na maji tulivu nyuma yake. Vimelea hutoka kwa konokono kufuata mwanga, wengi zaidi kuelekea mchana, na hufa ndani ya siku moja au mbili wasipopata ngozi ya mtu. Maji ya kuoga yaliyotulia kwenye pipa lenye mfuniko kwa saa 48, bila konokono ndani, hayana hatari hiyo tena.

Maji ya kijani jikoni

“Chemsha tu.” Ushauri huo unaokoa maisha dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na usiuache. Lakini kwa maji yenye utando wa kijani una pengo. Baadhi ya sainobakteria hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini, na moto wa jiko hauivunji. Hufanya kinyume: hupasua vijiseli na kuimwaga majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Klorini ikitiwa kwenye maji mazito ya kijani nayo hupasua kwanza.

Kinachosaidia ni mfuatano. Usichote palipo na utando. Utando husukumwa na upepo, basi nenda upande upepo unakotokea, ingia kina cha kiunoni au tumia mtumbwi, zamisha ndoo chini ya uso. Chuja kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne ili kutoa vijiseli vikiwa vizima, acha vitulie, mimina maji ya juu, ndipo uchemshe. Sumu iliyokwisha yeyuka haitoki kwa kitambaa, kwa hiyo siku utando ni mzito kama rangi, maji ya kisima au ya mvua ndiyo ya kunywa. Mifugo isinyweshwe hapo. Samaki aliyevuliwa hai huliwa, ila utumbo na ini vitupwe kwa sababu sumu hujikusanya huko. Aliyeokotwa akielea asiingie sufuriani.

Mitambo ya maji mijini inapigana vita hivihivi kwa gharama kubwa zaidi, na hapo ndipo mafunjo yanapoingia. Mafunjo na matete ya mdomo wa mto hupunguza kasi ya maji, udongo ukatua, mizizi ikanyonya fosforasi na naitrojeni kabla hazijafika ghubani. Yakikatwa na kuuzwa kwa mikeka, huota tena na rutuba imetoka na mkeka. Yakichomwa na kugeuzwa mashamba ya mpunga au mihogo, tope lote lililokamatwa kwa miaka hupata njia.

Kampala inaonyesha hesabu yake. Maji machafu ya mji hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, yakipita kwenye kinamasi cha mafunjo kabla ya kuingia Ghuba ya Murchison. Na kwenye ghuba hiyohiyo, huko Gaba, ndiko mji unakovuta maji yake ya kunywa. Kinamasi kikaliwa na mashamba na majengo, ghuba ikazidi kuwa ya kijani, dawa za kusafisha zikapanda. Mtambo mwingine ukajengwa Katosi, mashariki zaidi, penye maji ya wazi, na bomba likarudishwa mjini kilomita nyingi kwa pampu.